Thesalonike: mji uliojengwa na wahamiaji

Thesalonike ulianza kwa kuhamisha watu. Mwaka 315 kabla ya Kristo, Cassander, mtawala wa Makedonia, alivikusanya vijiji na miji midogo 26 iliyotapakaa kandokando ya ghuba, akawaamuru wakazi wake wakaishi mahali pamoja ufukweni. Mji huo mpya akaupa jina la mkewe, Thessalonike, binti wa Mfalme Filipo wa Pili na dada wa kambo wa Aleksanda Mkuu. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 2,300 na mji haujawahi kuhamwa. Lakini wanaoishi humo wamebadilika mara nyingi kuliko ilivyo kawaida ya miji: wapo walioletwa kwa amri, waliokimbilia, waliofukuzwa, na waliopakiwa kwenye mabehewa wasirudi tena. Ukitaka kuielewa historia ya mji huu, uliza kila jengo lilijengwa na nani, kisha uliza watu hao walikwenda wapi.

Mimi na mume wangu tulikwenda kila mtu kwa sababu yake. Mimi nililelewa kanisani, na jina la Wathesalonike nimelisikia tangu utotoni likitangazwa kabla ya somo la pili. Yeye ni mtu wa Tanga, alipita chuoni akiwa mdogo, kisha akafundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Alitaka kuona mji wa dola tatu: Roma, Bizanti na Osmani. Athens tuliiona pia, nayo ina Akropoli yake juu ya kilima, ya kwenda kuitazama na kushuka. Thesalonike si hivyo. Huku mambo ya kale yako kwenye kituo cha basi.

Nasema hivyo kwa sababu barabara kuu inayoukata mji, Egnatia, inafuata kwa karibu mkondo wa zamani, na jina lake ni la njia ya Warumi, Via Egnatia, iliyojengwa karne ya pili kabla ya Kristo. Njia hiyo ilianzia pwani ya Adriatiki, mahali panapoitwa leo Durrës nchini Albania, ikavuka milima hadi Bizantio, ambayo sasa ni Istanbul. Bandari nzuri juu ya njia kuu: mji wa namna hiyo haukosi wageni. Warumi waliposhika Makedonia waliufanya makao makuu ya jimbo zima.

Kwa njia hiyohiyo alikuja Mtume Paulo, mnamo mwaka 50 hivi, akitokea Filipi alikochapwa viboko na kufungwa. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba alihoji na kufundisha katika sinagogi kwa sabato tatu, baadhi ya watu wakaamini, wengine wakakasirika na kukusanya wahuni wa sokoni, wakaivamia nyumba ya Yasoni aliyemkaribisha. Yasoni akaburutwa mbele ya wakubwa wa mji, akatoa dhamana ndipo akaachiwa. Usiku huo ndugu wakawatorosha Paulo na Sila kwenda Beroya.

Hao wakubwa wa mji mwandishi amewataja kwa cheo ambacho wasomi kwa muda mrefu hawakukiona kwa waandishi wengine wa kale, na wapo waliodhani amekosea. Baadaye cheo hichohicho kikaonekana kimechongwa kwenye jiwe la lango la magharibi la Thesalonike. Lango lilibomolewa karne ya 19, na jiwe lake liko British Museum, London. Mimi jambo hili linanigusa sana. Aliyeandika habari zile alijua mji ulivyoendeshwa, alijua mtu akishtakiwa anapelekwa kwa nani.

Paulo alipofika Korintho aliwaandikia wale aliowaacha ghafla. Barua hiyo, ya kwanza kwa Wathesalonike, wasomi wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa maandiko ya kale kuliko yote ya Agano Jipya, iliyotangulia hata Injili. Ukiisoma ukiwa pale, bandari ikiwa hatua chache, unatambua ni barua kwa watu wa kazi. Anawakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Anawataka nao wafanye kazi kwa mikono yao. Anawafariji waliofiwa. Uwanja wa Kirumi unaoonekana leo katikati ya mji, pamoja na ukumbi wake mdogo wa maonyesho, ulijengwa karne ya pili, kwa hiyo Paulo hakuukanyaga. Lakini umati wa wachuuzi na vibarua ulikuwepo, na umati huo haujaondoka.

Tao la Galerius limesimama ukingoni mwa barabara ya Egnatia, pikipiki zinapita hatua chache tu kutoka kwenye nguzo zake. Wenyeji wanaliita Kamara, na vijana wakiahidiana kuonana wanaahidiana hapo. Galerius, mmoja wa wafalme wanne waliogawana utawala wa Dola la Roma, alimshinda mfalme wa Waajemi mwaka 298, akajijengea ukumbusho. Sogea karibu utazame michongo. Imepangwa safu juu ya safu: askari waliobanana, farasi waliosimama kwa miguu ya nyuma, mateka wanaongozwa, na Galerius mwenyewe juu ya farasi akimkabili adui. Moshi wa magari umeyatia mawe weusi, na nyuso nyingi zimelika. Mume wangu alizunguka nguzo ile mpaka nikamwacha, nikaenda kununua koulouri, mkate mwembamba wa duara uliojaa ufuta ambao wachuuzi huuza asubuhi kwenye vibanda vya barabarani.

Galerius huyuhuyu ndiye aliyechochea mateso makubwa ya Wakristo yaliyoanza mwaka 303, na ndiye aliyetia saini, mwaka 311 akiwa karibu kufa, amri ya kuwaruhusu waabudu. Mapokeo ya mji yanasema Demetrio, mtakatifu mlinzi wa Thesalonike, aliuawa chini ya utawala wake. Juu kidogo ya tao lipo jengo kubwa la duara la Galerius, Rotunda, lenye kuta zenye unene wa zaidi ya mita 6, lililojengwa mnamo mwaka 306. Halikukaa sana mikononi mwa miungu ya Warumi. Likawa kanisa, kuba lake likapambwa kwa mozaiki za dhahabu ambazo bado zinang'aa. Mnamo 1590 likafanywa msikiti, likaongezewa mnara wa adhana, na mnara huo ndio pekee uliosalia mzima katika mji wote. Baada ya Wagiriki kuuchukua mji mwaka 1912 likarudi kuwa kanisa, sasa ni makumbusho, na mara mojamoja ibada hufanyika ndani. Kuta ni zilezile zilizopokea sala za watu wa dini tofauti.

Bizanti iliufanya Thesalonike kuwa mji wa pili baada ya Konstantinopoli, na katika karne hizo mambo mengi yalitokea ambayo nayapita haraka. Mwaka 390 Kaisari Theodosius aliwaadhibu wakazi kwa fujo za mjini, askari wakawachinja watu waliokusanyika kwenye uwanja wa mashindano. Mwandishi mmoja wa kale anataja waliokufa kuwa 7,000. Mwaka 904 maharamia wa Kiarabu waliteka mji na kuwasomba mateka kwa maelfu kwenda kuwauza. Ndugu wawili waliozaliwa hapa, Kirili na Methodio, walitumwa mwaka 863 kwenda Moravia kuhubiri kwa lugha ya Waslavi, na Kirili aliwatengenezea herufi za kuandikia lugha yao. Sina hakika kama upo mji mwingine wa ukubwa huu uliogusa imani ya watu wengi hivyo.

Kanisa ninalotaka msomaji alikumbuke ni la Acheiropoietos, la karne ya tano, si mbali na uwanja wa Kirumi. Ndani kuna baridi na mwanga wa madirisha ya juu, na nguzo zimepangwa pande mbili. Tulikuwa tunatembea taratibu, tukizungumza kwa minong'ono, mume wangu akaniita: "Mama, njoo uone hapa." Kwenye nguzo moja ya upande wa kaskazini palikuwa na mwandiko wa Kiarabu uliochongwa. Akausoma herufi kwa herufi kwa kidole bila kuligusa jiwe, kama alivyofundishwa chuoni, akalipata jina: Murad. Maandishi hayo yanasema Sultani Murad aliiteka Thesalonike mwaka 833, wa Hijria, ambao ni 1430. Murad wa Pili aliingia mwezi Machi baada ya kuuzingira mji uliokuwa umeshikwa na Venisia kwa miaka saba, na kanisa hili ndilo alilolifanya msikiti mara tu baada ya ushindi. Wagiriki walipolirudisha kwenye ibada zao, mwandiko wa nguzo hawakuufuta. Nawasifu kwa hilo.

Baada ya vita mji ulibaki na watu wachache. Waliokuja kuujaza ndio waliokuja kuupa sura yake kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Sultani aliwapokea, na maelfu kwa maelfu wakaja kuishi Thesalonike. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 16 walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi. Walifuma sufu ya sare za askari wa Sultani, walichapa vitabu, walifanya biashara na Venisia, na walizungumza Kihispania chao cha kale, Ladino, kizazi hata kizazi. Wachukuzi wa gatini walikuwa Wayahudi, wavuvi pia, na kwa hiyo siku ya Jumamosi bandari ilifungwa. Merikebu ya taifa lolote ilisubiri hadi sabato iishe. Sijui bandari nyingine kubwa ya Ulaya iliyokuwa hivyo.

Ni mji huohuo wa Kiosmani uliomzaa Mustafa Kemal Atatürk, mwaka 1881, na nyumba aliyozaliwa ni makumbusho ndani ya ua wa ubalozi mdogo wa Uturuki. Mwaka 1908 mapinduzi ya Vijana wa Kituruki yalipangiwa hapa. Mwaka uliofuata vibarua wa tumbaku na wa bandari, wa dini na makabila tofauti, waliunda shirikisho lao la kijamaa chini ya Avraam Benaroya. Watu hawa waliishi pamoja kwa ugomvi na mapatano, kama majirani popote. Jeshi la Ugiriki liliingia mwaka 1912, na sensa ya mwaka uliofuata ilikuta watu 157,889: Wayahudi 61,439, Waturuki 45,867, Wagiriki 39,956, na waliobaki Wabulgaria na wengineo.

Ndani ya miaka 30, jamii mbili kubwa kati ya hizo zilikuwa zimetoweka.

Ulianza moto. Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1917, cheche za jikoni katika nyumba duni ya wakimbizi zilishika, upepo mkali wa kutoka bonde la Vardar ukazichukua, na kwa saa 32 mji ukaungua kutoka mlimani hadi baharini. Nyumba 9,500 ziliteketea, watu zaidi ya 70,000 wakakosa makazi, wengi wao Wayahudi. Kanisa kubwa la Mtakatifu Demetrio liliungua pia. Serikali ilimkabidhi mpango wa mji mpya mtaalamu wa Kifaransa, Ernest Hébrard, naye akachora mji wa barabara pana na Uwanja wa Aristoteli unaofunguka kuelekea baharini, ambao wageni wote huupiga picha. Ni uwanja mzuri kweli. Lakini wenye viwanja hawakuruhusiwa kujijengea upya palepale. Ardhi ilitwaliwa na kupigwa mnada, na maskini waliokuwa wakikaa katikati wakajikuta pembezoni, kwenye mabanda.

Kisha Waislamu wakaondolewa. Mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 uliamuru Ugiriki na Uturuki zibadilishane watu, na kipimo kilikuwa dini, si lugha. Muislamu aliyeongea Kigiriki alipelekwa Uturuki. Mkristo aliyeongea Kituruki aliletwa Ugiriki. Wakristo zaidi ya milioni 1 waliingia, na Thesalonike ukawa mji wa wakimbizi kutoka Smirna, Ponto na Konstantinopoli. Misikiti ilibaki bila waumini, minara ikabomolewa. Waliokuja walikuta hawana kitu, wakaanza kupika na kuuza. Bougatsa, keki nyembamba ya tabaka iliyojazwa maziwa mazito yaliyopikwa na kunyunyiziwa sukari na mdalasini, wenyeji huihusisha na wakimbizi hao. Asubuhi utawaona wafanyakazi wamesimama kaunta wakila, na mpishi anaikata kwa kisu kipana kwa kasi inayotisha.

Zamu ya tatu ilikuwa ya Wayahudi. Wajerumani waliingia mjini tarehe 9 Aprili 1941. Tarehe 11 Julai 1942, siku ya Sabato, waliwakusanya wanaume wa Kiyahudi wapatao 9,000 katika Uwanja wa Uhuru karibu na bandari, wakawasimamisha juani kwa saa nyingi, wakawapiga na kuwadhalilisha mbele ya watu. Mwezi Desemba makaburi yao ya kale yalivunjwa. Eneo hilo lilikuwa na makaburi mamia ya maelfu, ya wafu wa karne nyingi, na mawe yake yakachukuliwa kama kifusi: yalijengewa kuta, yakasakafiwa nyua, yakatumika kukarabati majengo ya mjini. Tarehe 15 Machi 1943 treni ya kwanza iliondoka kuelekea Auschwitz. Kufikia Agosti watu zaidi ya 40,000 walikuwa wamepelekwa. Karibu wote waliuawa. Wachuuzi, washonaji, walimu, wachukuzi wale wa bandarini na watoto wao. Ladino ikanyamaza sokoni katika msimu mmoja tu wa mvua na jua.

Juu ya makaburi yale kimejengwa Chuo Kikuu cha Aristoteli, kimojawapo cha vyuo vikubwa kabisa Ugiriki. Tulipita humo mchana. Wanafunzi walikuwa wamelala nyasini, wengine wanabishana kwa sauti, mwingine anapiga gitaa. Kumbukumbu ya makaburi ilizinduliwa chuoni mwaka 2014, miaka zaidi ya 70 baada ya kuvunjwa. Meya wa wakati huo, Yiannis Boutaris, alikiri hadharani kwamba mji ulikuwa umekaa kimya isivyostahili, na alipoapishwa kwa kipindi cha pili mwaka huohuo alibandika kifuani nyota ya njano ambayo Wanazi waliwalazimisha Wayahudi kuivaa. Alikuwa anampinga diwani wa chama cha kinazi aliyechaguliwa. Naona ni ushujaa. Nchi nyingi zimejenga juu ya makaburi ya wengine zikangoja walalamikaji wafe.

Basi mtu asidhani mji huu una majonzi. Jioni ni vigumu hata kupita kwenye njia ya ufukweni kati ya bandari na Mnara Mweupe, ngome ya Kiosmani ya mita 34 iliyokuwa gereza na mahali pa kunyongea, ikaitwa Mnara wa Damu mpaka ilipopakwa chokaa mwishoni mwa karne ya 19. Familia nzima zinatoka kupunga upepo, babu mbele na wajukuu nyuma. Anga ikiwa safi, Mlima Olimpo unaonekana ng'ambo ya ghuba. Na anayeijua Kariakoo hatapotea katika soko la Kapani: samaki juu ya barafu, zeituni kwenye mapipa, viungo, viatu, na muuzaji anayekuita kana kwamba mlisoma pamoja. Mzee mmoja muuza viungo alipojua tumetoka Tanzania aliuliza karafuu ni za Zanzibar kweli au wanamdanganya. Mume wangu akanusa, akamthibitishia. Wakashikana mikono kama waliomaliza biashara kubwa.

Hata usafiri wa chini ya ardhi umelazimika kuongea na wafu. Ujenzi ulianza 2006 na treni zisizo na dereva zikaanza kubeba abiria tarehe 30 Novemba 2024. Ucheleweshaji ulikuwa na sababu nyingi, lakini moja ni hii: kila walipochimba waliukuta mji. Vitu zaidi ya 300,000 vilitolewa ardhini, na chini ya stesheni ya Venizelou ilikutwa barabara ya marumaru yenye maduka pande zote mbili, soko la enzi za Bizanti limelala chini ya soko la leo. Ukazuka mzozo mkali, wataalamu wengi wakitaka isiguswe, serikali ikitaka ing'olewe na kurudishwa. Serikali ilishinda, mawe yaling'olewa na kupangwa tena mahali pake. Leo abiria wanayaona wakienda kazini. Ningependa yasingeguswa kamwe, lakini nilifurahi kuyaona.

Siku ya mwisho tulikwenda Yeni Cami, Msikiti Mpya, uliofichika kati ya majumba ya ghorofa mashariki mwa mji. Ulijengwa mwaka 1902 kwa michoro ya Muitalia Vitaliano Poselli, kwa ajili ya wazao wa Wayahudi waliosilimu karne ya 17 wakimfuata kiongozi wao wa dini, Sabbatai Zevi. Ndiyo maana katika mapambo yake utaona nyota za Daudi. Waumini wake walikuwa Waislamu kwa hesabu ya mkataba, wakapelekwa Uturuki wote. Wakimbizi Wakristo wakalala ndani. Mwaka 1925 ukawa makumbusho ya mambo ya kale, kisha ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Aprili 2024, kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka 100, Waislamu wa mji waliruhusiwa kuswali Idi humo. Mume wangu alitaka kujua kama ruhusa hiyo ni ya kila mwaka. Mhudumu aliyekuwa mlangoni alituambia inategemea. Nawaombea wenyeji waifanye desturi, maana hawa wanaoomba nafasi ya kusali nao ni wageni waliokuja kutafuta maisha, na Thesalonike ulijengwa na watu wa namna hiyo.